Zeze Kule kwenye Matairi

Kesho jioni kutakuwa na muziki kwenye ua wa duka la spea hapa Kalangalala, Geita mjini, na hakuna bango lililobandikwa popote. Mwenye duka amekataa bango. Anasema bango ni ahadi, na watu aliowaita si watu wa kuwatolea ahadi. Mmoja wao hupiga gitaa alilojitengenezea kwa debe la mafuta ya kula, nyuzi zake zimechambuliwa kutoka kebo ya breki ya pikipiki. Mwingine hupiga zeze, lile la kibuyu na upinde mdogo, na havui koti lake la mvua hata kiangazi. Watakuja na wengine, lakini ni hao wawili walioninyima utulivu wiki hii nzima, kwa sababu ni baba na binti, na baba alikuwa hajawahi kumsikia binti yake akipiga wimbo mpaka mwisho.

Mimi si mwanamuziki. Niliacha shule darasa la sita mjini Shinyanga, wala si kwa sababu ya njaa kama watu wanavyopenda kudhani. Dirisha la darasa letu lilitazama barabara ya malori, na mwalimu alikosea kunikalisha karibu nalo. Tangu hapo nimebeba mawe ya dhahabu kutoka kwenye maduara, yale mashimo ya wachimbaji wadogo. Nimelinda mpunga usiliwe na ndege, nimeuza viatu vya mitumba, nimechekecha kokoto za almasi Maganzo bila kuiona almasi yenyewe. Sehemu nyingi nimeondoka kabla watu hawajanizoea. Kitu kimoja tu nimekwenda nacho kila mahali, nacho ni kuuliza. Nikikuta mtu anafanya jambo nisilolielewa, sipati usingizi mpaka aniambie.

Mzee wa zeze nilimkutia Maganzo kwa njia hiyo. Mchana, jua likiwa kali na sisi tukipumzika kando ya rundo la kokoto, alikuwa akija na ng'ombe wake, anakaa upande wa pili wa rundo, anawapigia. Si sisi, ng'ombe. Wachimbaji walimtania kila siku.

"Babu, njoo huku utupigie na sisi!"

"Nyinyi mna redio."

"Redio imekwisha betri!"

"Basi subirini mnunue betri. Hawa hawanizimi katikati ya wimbo."

Nilizunguka rundo nikaenda kukaa na ng'ombe. Hakunifukuza. Zeze lake lilikuwa na sauti nyembamba yenye mkwaruzo, sauti ya kitu kinachojisemea chenyewe, na yeye aliimba chini yake kwa Kisukuma, maneno machache, akiyarudia mpaka yakawa kama hatua za mtu anayetembea. Nilimuuliza kuhusu koti. Lilikuwa la kijani, refu, limefungwa vifungo mpaka shingoni, na siku ile hapakuwa na wingu hata la kufutia kioo.

"Zeze halipendi vumbi," alisema. Akafungua kifungo kimoja, akalichomeka humo ndani pamoja na upinde wake, akafunga, akapapasa kifua kama mama anayemlaza mtoto. "Na Maganzo hii, ng'wanone, nitajie siku isiyo na vumbi."

Ng'wanone, kwa Kisukuma, ni mwanangu. Ameniita hivyo tangu siku hiyo, na sijui kama amewahi kulijua jina langu.

Binti yake nilimjua miaka mitatu baadaye, Masumbwe, bila kujua ni binti yake. Nilikuwa na suruali iliyochanika. Niliambiwa kuna mama anashona sare za shule na magunia karibu na stendi, naye atanishonea, ila nijiandae kuimbwa. Sikuelewa maana ya kuimbwa mpaka nilipofika. Alikuwa mwanamke wa makamo, mnene, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi wa cherehani. Aliitazama suruali yangu, akaishona, kisha akachukua lile gitaa la debe kutoka chini ya meza na kuimba kuhusu mtu anayechanika suruali kwa sababu anatembea zaidi kuliko kitambaa kinavyoweza kuvumilia. Nilicheka mpaka nikakaa chini. Kisha akaimba mwingine, wa mteja wake mmoja anayekuja kila baada ya mavuno kupunguziwa kiuno cha suruali ileile, kwa sababu anachimba dhahabu na dhahabu inammaliza. Kila ubeti kiuno kinapungua. Ubeti wa mwisho anakuja kuichukua mkewe. Wimbo huo sikuucheka.

Nilirudi kesho yake bila suruali iliyochanika. Na kesho yake tena. Nilimuuliza ni nani aliyemfundisha.

"Hakunifundisha mtu. Nililiona gitaa mara moja tu, likaniharibia nyumbani kwetu," alisema.

Nikavuta kigoda.

Akanisimulia. Kwetu Usukumani ngoma hazipeani zamu. Pande mbili hupiga kwa wakati mmoja kwenye uwanja mmoja, upande huu mwisho huu, upande ule mwisho ule, na watu wako katikati. Hakuna jaji. Ukivutwa na ngoma ya kule, unatembea kwenda kule. Jua likishuka, wenye watu wengi ndio washindi. Ndiyo maana wachezaji huja na chatu shingoni na fisi kwenye kamba, alimradi watu wageuze vichwa. Baba yake alikuwa akipigia upande wa ukoo wao, na yeye, binti mdogo mwenye sauti kubwa, ndiye aliyekuwa akimwitikia. Siku moja upande wa pili walikuja na kijana mwenye gitaa. Watu walianza kuhama, mmoja mmoja. Baba aliendelea kupiga. Na katikati ya kiitikio binti akasikia miguu yake inakwenda.

"Sikuamua," aliniambia. "Naapa sikuamua. Nilishtuka niko mbele ya yule kijana na gitaa lake, nimeuacha mdomo wazi, na uwanja mzima unanitazama. Kisha kina mama wa upande wetu wakasema, ikiwa hata mtoto wake amevuka, sisi tunasubiri nini? Wakavuka wote. Mzee alibaki na mbwa."

"Akakupiga?"

"Angenipiga ingekwisha. Hakusema kitu. Na mpaka leo hajasema. Ananipokea vizuri, wajukuu anawabeba, nikiumwa anakuja. Lakini nikigusa gitaa tu anakumbuka ng'ombe. Anainuka: ngoja nikawatazame ng'ombe. Hata akiwa hapa Masumbwe, ambako hana ng'ombe hata mmoja."

Tulicheka sote, halafu yeye akawa wa kwanza kuacha.

"Sitaki anisifu, mdogo wangu. Nataka anisikie mara moja. Wimbo mmoja, mwanzo mpaka mwisho, awe amekaa. Ameshakuwa mzee sana."

Aliponitajia koti la mvua nilishika kichwa: ni yule mzee wangu wa Maganzo.

Sasa huyu mwenye duka la spea. Babu yake alikuja kutoka Bara Hindi akafungua duka la nguo Shinyanga, na yeye mwenyewe alikulia nyuma ya kaunta hiyo, akiwasikiliza wanunuzi. Anaongea Kisukuma kunishinda mimi, ambaye mama yangu ni Msukuma. Kina mama wanaouza mboga mbele ya duka lake wakimsalimu "Mwangaluka, Tajiri" asubuhi, anawajibu kwa maneno marefu ya vijijini mpaka wanapigana vikumbo kwa kicheko. Dukani kwake, kati ya fani belti na taa za pikipiki, siku nzima panalia nyimbo za ng'ambo za watu wanaopiga gitaa peke yao na kulalamikia mvua, treni na wake walioondoka. Nilipopata kibarua cha kumpangia matairi nilimuuliza wanasema nini.

"Wanalia," alisema. "Lakini sikiliza vizuri. Wanalia kama Wasukuma. Neno moja, mara nne, na gitaa linajibu."

Nikamwambia ninamjua mwanamke wa hivyo Masumbwe, na mzee wa hivyo Maganzo. Aliweka chini boksi la plagi.

"Mzima huyo mzee?"

"Mzima."

"Basi unangoja nini kuniletea?"

Hivyo ndivyo onyesho la kesho lilivyoanza. Nilimweleza pia habari ya baba na binti, akatikisa kichwa kwa huruma, na tukapanga vizuri sana, au tulidhani hivyo. Mzee ataanza, ili apewe heshima yake. Kisha tutamketisha mbele kabisa, kwenye kiti cha mbao chenye mto, kiti cha Tajiri mwenyewe, na binti atapiga mbele yake. Hapatakuwa na ng'ombe. Atainuka aende wapi?

Nilimfuata Maganzo na pikapu ya dukani iliyokuwa imepeleka betri Shinyanga. Nilimkuta anakamua. Nikamwamkia, akaitika, nikamweleza kuna muziki Geita na anahitajika. Sikumficha.

"Na binti yako atakuwepo, babu."

Maziwa yaliendelea kulia ndani ya kibuyu.

"Atapiga?"

"Atapiga."

"Na mimi nitapiga?"

"Wewe ndiye utakayeanza."

Alimaliza kumkamua yule ng'ombe. Akamkabidhi jirani kundi, akafunga vifungo vya koti mpaka shingoni, akapanda gari. Tulipoingia Masumbwe aliniuliza hapa ni wapi, ingawa amefika mara nyingi, nami nikamwambia. Alitazama upande wa stendi mpaka nyumba zikaisha.

Leo mchana ndipo tulipojaribu vyombo. Ua wa Tajiri ni mrefu na mwembamba. Mwisho mmoja kuna jiko la mama lishe na mkokoteni wa maji, mwisho wa pili matairi ya malori yamepangwa kufikia kimo cha mtu. Mafundi wa gereji ya jirani walikuja na mikono yao ya oili kutazama. Binti alikuwa amefika tangu jana. Alimpigia baba yake magoti, akamwamkia.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mayu. Watoto?"

"Wazima. Wanakusalimu."

Alimwita mayu, mama, kama wazee wa huku wanavyowaita mabinti wanaowapenda. Nikajisemea, kazi imekwisha nusu.

Mzee akakaa, akalitoa zeze kifuani. Fundi mmoja akadakia, "Babu, hilo linatumia oili gani?"

"Halitumii oili. Linatumia akili, ndiyo maana wewe hujawahi kuliona."

Wenzake walimzomea yule fundi mpaka akajificha nyuma ya tangi. Mzee akapiga. Alipiga kama nilivyomjua, bila kumtazama mtu, akijisemea, na Tajiri alisimama mlangoni na mkono mdomoni. Alipomaliza mafundi walipiga makofi, nami nikaleta kile kiti chenye mto, nikakiweka mbele ya jukwaa dogo la mbao, nikasema, "Karibu, babu. Sasa tumsikilize binti."

Alikitazama kiti. Akamtazama binti aliyekuwa amesimama na gitaa. Akanitazama mimi, na sikuyapenda macho yale, kwa sababu hayakuwa ya hasira. Yalikuwa ya mtu aliyesikitishwa na mgeni.

"Nikae pale?"

"Ndiyo, babu."

"Mbele yake? Na zeze langu mkononi?"

"Tunaweza kukushikia zeze."

"Ng'wanone," alisema polepole, "mimi sivuki."

Akalichomeka zeze ndani ya koti, akatembea hadi getini, akamuuliza dereva wa pikapu gari la kurudi linaondoka saa ngapi.

Nilibaki nimeshika mgongo wa kiti. Nilikuwa nimesimuliwa habari yote ya uwanja na miguu, tena nikavuta kigoda ili nisikose neno, na bado nikaisikiliza kama kisa cha msichana. Sikutambua kwamba ni sheria, na kwamba mzee angali anaishi ndani yake. Mpiga ngoma anayekwenda kukaa mbele ya mpigaji mwingine amehama. Nilikuwa nimemtengenezea mahali pa kushindwa, nikaweka na mto.

Tajiri alinifuata, uso umemshuka. "Hata mimi," alinong'ona. "Nimeuza soda kwenye mashindano hayo tangu utotoni. Hata mimi sikuona."

Nilidhani binti atalia. Yeye alikuwa anautazama ua, kutoka jikoni hadi kwenye matairi, kama anavyopima kitambaa kabla ya kukata.

"Mpelekeeni kigoda kule kwenye matairi," alisema.

"Cha kusikilizia?" Tajiri aliuliza.

"Cha kupigia. Yeye kule, mimi huku jikoni. Tunaanza pamoja."

"Dada, mtapiga kelele. Watu watasikia nini?"

"Watatembea, Tajiri. Hawana miguu?"

Nilikwenda getini. Nikamwambia mzee kwamba binti yake hamtaki kwenye kiti. Anamtaka kwenye uwanja. Alitafuna shavu. Kisha akauliza, "Yeye anachukua upande gani?"

"Wa jikoni."

"Kuna upepo unatoka jikoni. Amechagua vizuri, mjanja." Na akaanza kufungua vifungo.

Walianza pamoja. Mwanzoni ilikuwa kelele kweli, na mama lishe aliziba masikio mwiko ukiwa mkononi. Lakini ukisimama karibu na matairi ulisikia zeze, na gitaa likawa kama mtu anayeongea chumba cha pili. Ukisogea jikoni, zeze ndilo lililokuwa chumba cha pili. Mafundi walielewa haraka kuliko mimi. Walianza kutembea. Fundi wa oili alikwenda kwa babu kwa makusudi, apate kusamehewa. Kina mama wa mboga waliacha nyanya zao wakaja kwa binti, kisha alipoingia kwenye ubeti wa kiuno cha suruali wakavutana mikono na kumwita mwenzao aliyekuwa kwa mzee: "Wewe! Vuka huku, usikie ya mume wako!"

Mimi nilisimama kwa mzee. Nilitaka kumwona. Na hapo nikaona jambo ambalo nisingeliona kama angekaa kwenye kile kiti hata mwaka mzima. Alikuwa anasikiliza. Kichwa kimeinama upande wa jikoni, jicho moja limefungwa, anasikiliza kama mtu anayetega sikio kwa mwizi. Binti akipandisha sauti, upinde wake unashuka. Binti akinyamaza kupumua, yeye anaingia hapohapo na kuwaita watu warudi, na watu wanarudi. Hakuna anayemsikiliza mwimbaji kwa makini kama mtu anayetaka kumshinda. Kila ubeti wa ule wimbo wa suruali ulipita masikioni mwake, akaujibu, mpaka ule ambao mke anakuja peke yake. Hapo hakujibu. Aliuacha upinde juu ya paja, na gitaa likamaliza wimbo peke yake. Watu wengi walikuwa kule jikoni wakati huo. Hakuinuka kwenda kutazama ng'ombe.

Baadaye aliniita kwa kidole. Kwenye uwanja pande mbili hazisemeshani, kwa hiyo nikawa mimi wa kutumwa.

"Kamwambie uzi wake wa tatu umelegea."

Nilivuka ua. Binti alikuwa anafuta miwani kwa khanga.

"Baba anasema uzi wako wa tatu umelegea."

Alisimamisha mkono. "Amesema wa tatu?"

"Wa tatu."

"Kamwambie nimeulegeza makusudi. Haujawahi kukazwa tangu nilipolitengeneza gitaa hili. Ndiyo sauti ya zeze lake."

Nikavuka tena. Nilimwambia mzee neno kwa neno. Alilitazama zeze lake muda mrefu, akalikwaruza mara moja kwa ukucha, akatega sikio, halafu akalirudisha ndani ya koti na kuanza kufunga vifungo, kimoja kimoja, kuanzia chini.

"Kesho asiukaze," alisema.

Nikavuka ua mara ya tatu na neno hilo. Binti alilipokea, akainamia gitaa kama anayetafuta kitu kilichoangukia kwenye nyuzi, na mabega yake yakawa yanatikisika. Sikujua kama analia au anacheka, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu sikuuliza. Nilikwenda kukiondoa kile kiti.